Ushuru wa Lango la Busu

Mbwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa.

Alifika nasi mpaka kwenye ngazi ya kuvukia ua, pale nyuma ya kanisa ambapo njia ya mtoni huanza. Akanusa hewa, akaketi. Sasa, Biskuti si mbwa wa kuketi. Ni mbwa anayemkokota Tamsin matopeni kama farasi wa jembe, na sijawahi kumwona akikataa matembezi, hata siku ya theluji, hata siku aliyokula soksi yangu. Lakini Jumapili ile alitutazama kwa macho ya shemasi aliyeshuhudia dhambi, akalaza masikio, akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

"Kaona nini huyu?" Tamsin akauliza.

"Kakumbuka yeye ni mbwa wa nani. Amemwona Luscombe, dhamiri imemsuta."

"Kit, leo usianze. Nakuomba."

Sikuanza. Nilimtazama tu. Alikuwa amevaa koti la baba yake, lililomzidi kila upande, na nywele zake za rangi ya majani makavu zilikuwa zikitoroka chini ya kofia ya sufu. Pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Mimi Kit Luscombe, niliyesimama mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya bweni na kueleza bila kupepesa jinsi chura alivyoingia kwenye kinanda cha kanisa, nilisahau mikono yangu huwekwa wapi.

Ilikuwa Jumapili yetu ya mwisho, au ya kwanza. Jambo hilo ndilo lililokuwa halijaamuliwa. Mwisho wa wiki Tamsin angepanda gari moshi kwenda kwa shangazi yake huko kaskazini. Huko kulikuwa na ng'ombe wengi wa maziwa, na mwenye ng'ombe alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Rupert, mwenye kucha safi. Baba yake Tamsin alikuwa amempima Rupert, akamwona anafaa. Mimi alikuwa amenipima tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Tutatembea mpaka langoni," Tamsin alikuwa ameniambia. "Hapo utapata jibu lako. Nitatangulia mimi. Nikilishika lango, nitamwambia baba leo hii, na siendi kokote. Nikiliacha, Kit, usinifuate."

Kwa mtu wa kwetu maneno hayo yanatosha. Lango lililo mwisho wa njia ya mtoni ni lango la busu: linacheza ndani ya kizimba cha nusu duara, na mtu hupita mmoja mmoja. Aliyetangulia hulishika akamzuia wa nyuma humo kizimbani mpaka alipe ushuru, nao ni busu. Wazee huongeza kwamba wawili wakipita bila ushuru hawatatembea pamoja tena. Majira yote ya joto nililishika mimi, nikadai, na Tamsin akanilipa shavuni haraka haraka kama mtu anayelipa faini. Yeye hakuwahi kulishika hata siku moja.

Nikaweka mguu kwenye ngazi. Hapo ndipo nilipouona ubao.

NJIA IMEFUNGWA. G. YEO.

Nikacheka mpaka kunguru wakaruka.

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, Bwana Gerald Yeo, baba yake Tamsin, hufunga njia ile kwa siku moja. Inapita kwenye ardhi yake, na kwetu njia ikikanyagwa na watu miaka mingi bila kuzuiwa, huwa yao. Kwa hiyo huizuia siku moja, kisha huifungua na kulala usingizi mzuri. Nasi akina Luscombe, kila mwaka siku hiyohiyo, humtuma mtu wetu aupite ubao ule na kutembea njia nzima, ili ionekane kwamba haijazuilika. Mwenye kuianzisha desturi hii ni bibi yangu, Hester. Basi familia mbili zimenuniana miaka yote kwa sababu ya utepe wa matope usiotosha ng'ombe wawili kupishana.

"Mwaka huu kawahi," nikasema. "Februari bado."

Tamsin akakunja uso. "Hakuniambia."

"Kwani mnaongea?"

"Tangu alipotuona darajani, hapana. Ananiomba chumvi kupitia kwa mama."

"Bibi yangu aliuona asubuhi akitoka kanisani. Alifurahi kama aliyeletewa maua. Anasema akimaliza pai yake atakuja kuutembea mwenyewe."

"Na nyonga yake?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Nyonga ni yangu, njia ni ya watu wote.'"

Tamsin akacheka kidogo, na kicheko kile kikaniharibu akili. Mtu aliyechekesha mara moja hutaka mara ya pili. Nikaushika ubao ule kwa mikono miwili, nikavuta. Mvua ilikuwa imelainisha udongo; uling'oka kama jino bovu.

"Rudisha, Kit."

"Nitaurudisha. Kwa mwenyewe, mkononi, kwa adabu zote. 'Bwana Yeo, umeangusha kitu.'"

"Unajua baba anasemaje juu yako? Anasema, 'Kijana yule hajui mpaka wa mzaha na msiba.'"

"Nimesemwa vibaya zaidi ya hapo," nikasema, nikauchukua ubao kwapani. Tukavuka ngazi. Tulipogeuka, Biskuti alikuwa ameondoka, anakimbia peke yake kupitia shamba la juu, mkia katikati ya miguu, kuelekea nyumbani.

Mto Teel unajulikana kwa uzuri wake. Watu huja kutoka mbali kutembea kando yake na vikapu vya chakula, wakanong'ona kana kwamba wamo kanisani. Siku ile haukutaka wageni. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nzima, na maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Yalipita kasi bila kelele, na hilo ndilo sikulipenda. Mto wetu ni msemaji. Mierebi ilikuwa imezama mpaka kiunoni. Ukapita mlango wa zizi la mtu fulani, ukielea chali. Ukapita mpira wa watoto. Korongo ambaye husimama kila siku kwenye maji ya chini alikuwa amesimama katikati ya shamba, mbali, ameupa mto mgongo.

"Ng'ombe wetu wote wako kilimani," Tamsin akasema. "Nani kawapandisha?"

"Wamekwenda kutazama mandhari."

Hakucheka. Akatembea mbele yangu, mikono mifukoni, na mimi nikatazama visigino vya mabuti yake ya mpira kana kwamba jibu langu limeandikwa hapo.

"Usiniulize kabla ya lango," akasema bila kugeuka.

"Sijauliza."

"Unauliza kwa pumzi. Nakusikia."

Nikazuia pumzi mpaka nikaona nyota. Kisha nikasema, "Huyu Rupert. Amewahi kukuchekesha?"

"Hajawahi."

"Basi!"

"Basi nini? Ndicho baba anachompendea." Akasimama, akanigeukia. Macho yake ni ya kijivu, na siku ile yalikuwa yamechukua rangi ya mbingu, sikuweza kujua mwisho wake uko wapi. "Na mimi nikuulize wewe. Mtu anayekuchekesha kila siku, siku ya kulia ikifika, utajuaje kama yupo?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kuchekesha. Nikayatazama moja moja, nikayaona yote ni mabovu.

"Nitakuwepo," nikasema.

"Sauti hiyohiyo uliyomwambia nayo mwalimu mkuu habari za chura."

Akaendelea kutembea. Ubao ukaanza kunielemea kwapani.

Tulifika Kiwikoni. Ndivyo tunavyopaita, pale mto unapojikunja na njia ikapita juu kabisa ya ukingo. Katika majani, kati yetu na shamba, nikaona ufa. Ulikuwa mwembamba, kama mshono wa suruali uliofumuka, ukiifuata njia upande wa kulia mpaka mwisho wa kona. Kushoto kulikuwa na maji.

"Huu ufa ulikuwepo?" Tamsin akauliza.

"Fuko hao. Wanachimba barabara kuu."

Akakanyaga. Nikakanyaga nyuma yake. Na chini yetu, ndani ya ardhi, kitu kikakohoa. Siwezi kukieleza vingine. Kilikohoa kama mzee aliyelala chumba cha chini, na njia ikabonyea kidogo, polepole, kama godoro linavyobonyea mtu anapoketi ukingoni mwa kitanda chako gizani.

Tamsin akanishika mkono. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeuota mkono ule, na sasa nilipopewa nilichoweza kuwaza ni jinsi ulivyokuwa wa baridi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kitu cha kuchekesha, Kit."

Sikupata. Tukapita tukiwa tumeshikana, bila kukimbia, kama watu wanaopita mbele ya ng'ombe dume wakijifanya hawamwoni. Nyuma yetu bonge la udongo likateleza majini. Mto ukalimeza bila kutoa mlio.

Baada ya kona njia ikapanda kidogo na ardhi ikawa ngumu. Tamsin hakuuachia mkono wangu. Ndipo tukaliona lango la busu, na mnyororo uliolizunguka, na nyuma ya mnyororo Bwana Yeo, hana koti, Biskuti miguuni pake.

Tamsin akauachia mkono wangu.

Bwana Yeo ni mtu mkubwa mwenye nyusi za kufugia ndege. Alitutazama. Hakusema habari ya mvua. Hakusema habari ya baridi wala upepo. Nataka ieleweke jambo hilo lilivyonitisha: kwetu mtu asiyetaja hali ya hewa kwanza amekuja na habari ya polisi au ya kifo.

"Mbwa karudi peke yake," akasema. "Mmepitia wapi?"

"Mtoni, baba."

"Kiwikoni?"

"Ndiyo."

Akashika nguzo ya lango kana kwamba ndiyo inayomsimamisha. "Tamsin. Ubao hukuuona?"

Tamsin akanitupia jicho. Nikaona nimlinde, na akili yangu ya kumlinda mtu ilikuwa imezoea njia moja tu. Nikautoa ubao kwapani, nikamnyooshea kwa mikono miwili. "Bwana Yeo," nikasema, "nadhani umeangusha kitu."

Aliutazama ubao. Kisha akanitazama mimi, na usoni mwake hakukuwa na hasira. Ningeipenda hasira.

"Huu si ule wa kila mwaka," akasema polepole. "Ukingo umeliwa kwa chini. Kiwikoni hakuna kitu chini ya yale majani, ni hewa na maji. Nimewahamisha ng'ombe tangu jana. Nimeweka ubao."

"Lakini ubao ni uleule!" nikasema.

"Nina mmoja tu! Kwa nini ninunue mwingine?"

Hapo ndipo niliposikia kengele ya kanisa ikigonga, mbali, upande tulikotoka. Kwa saa hiyo bibi yangu alikuwa ameshamaliza pai.

"Kit," Tamsin akasema. "Ngazi haina ubao."

"Hata ungekuwepo angeupita," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Angeupita kwa sababu upo."

"Nani?" Bwana Yeo akauliza, ufunguo tayari mkononi.

"Bibi yangu. Na simu yake huiacha nyumbani, kwenye kopo la mkate."

Sikusubiri mnyororo ufunguke. Nikageuka, nikakimbia na ubao wake, na nikasikia mabuti ya Tamsin nyuma yangu, na nyuma ya mabuti mlio wa mnyororo ukianguka.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, ubeti wa tatu, ule ambao kila mtu hukosea maneno. Kisha koti lake jekundu la mvua likatokea upande wa pili wa kona, fimbo mkono mmoja, chupa ya chai imening'inia begani, anakuja kwa furaha ya mwenye kuvamia nchi.

Ufa ulikuwa umepanuka. Sasa mtu angeweza kuingiza kiatu.

"Bibi, simama!" Nikaunyanyua ubao juu ya kichwa. "Simama! Hatari!"

Akaukodolea macho. "Looo! Mjukuu wangu mwenyewe! Gerald amekuajiri?"

"Bibi, si mzaha! Ardhi imepasuka!"

"Na sumu ya panya uliyosema umetia kwenye keki yangu ya Krismasi, haikuwa mzaha?" Akapiga hatua nyingine. "Hunipati mwaka huu, Kit."

"Bi Hester, tafadhali!" Tamsin akapaza sauti. "Mungu ni shahidi, usije!"

"Binti, baba yako kakufundisha vizuri. Sauti hata inatetemeka! Ungeigiza jukwaani."

Nikajua wakati huo kwamba sina neno. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyatumia kwenye vyura na keki, na bibi alizidi kuja, fimbo yake ikitoboa majani, tok, tok, na kila ilipogonga nilisikia uwazi chini yake. Nikaweka mguu mbele nimfuate. Mkono ukanivuta kola kwa nyuma mpaka nikaanguka.

Bwana Yeo alisimama juu yangu, anahema. Akavua kofia yake. Sikuwa nimewahi kumwona bila kofia. Utosi wake ulikuwa mweupe kama yai.

"Hester," akasema. Hakusema Bi. "Njia ni yenu."

Bibi akasimama, fimbo hewani.

"Umesemaje?"

"Njia ni ya watu wote. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu yangu, nami nilijua. Umeshinda."

"Upepo umeyala maneno, Gerald," bibi akasema. Hapakuwa na upepo. Akaegemea fimbo, akatega sikio, mwanamke aliyengoja miaka yote kusikia sentensi ile na hakutaka kuisikia mara moja tu. "Hebu rudia. Taratibu."

"Nimesema umesh—"

Kiwiko kikaenda. Hakikuporomoka kwa kishindo. Kiliinama, kama mtu anayeinamia maji anywe, majani yake yote yakiwa wima, na mwerebi mmoja ukainama nacho. Njia yote kati ya ncha ya fimbo ya bibi yangu na vidole vya miguu yangu ikaingia mtoni. Kisha maji ya rangi ya chai yakapita pale, kana kwamba yamekuwa yakipita pale sikuzote.

Bibi alisimama upande wa pili, hatua moja kutoka ukingoni. Alirudi kinyumenyume, akaketi kwenye majani mazito. Akafungua chupa yake ya chai. Tukasikia kifuniko kikigongana na chupa ng'ambo ya pengo.

"Ndiyo tabia yenu, akina Yeo," akasema hatimaye. "Mnatoa kitu kikiwa kimekwisha."

Bwana Yeo akarudisha kofia kichwani. "Utaweza kurudi, Bi Hester?"

"Nitapitia shamba la juu. Kama mwenyewe ana idhini."

"Unayo."

Tukangoja mpaka koti jekundu likapanda salama kilimani. Ndipo nikagundua kwamba bado nimeketi matopeni, nimeukumbatia ubao, na uso wangu umelowa. Nililia mbele ya Bwana Yeo kama mtoto wa kidato cha kwanza usiku wake wa kwanza bwenini, na sikuweza kuacha. Tamsin hakunigusa. Alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu mara ya pili.

Tulirudi langoni. Bwana Yeo alitangulia, ubao wake begani.

"Kijana," akasema bila kugeuka, "nilisema hujui mpaka wa mzaha na msiba."

"Ndiyo, Bwana Yeo."

"Ningeweza kuwa naopoa watatu mtoni leo. Binti yangu mmojawapo."

"Ndiyo, Bwana Yeo."

"Huna la kuchekesha?"

"Sina."

Akanung'unika kitu, akapita kizimbani, Biskuti naye akapita, akaenda kusimama upande wa shamba lake. Tamsin akaingia baada yake. Lango likacheza, likagonga nguzo, yeye akawa nje, na mimi nikaingia ndani ya nusu duara, nikasimama. Kutoka mtoni nikasikia tena kile kikohozi, mahali pengine sasa, karibu zaidi.

Nikautazama mkono wake. Ulikuwa umening'inia ubavuni, ndani ya mkono mrefu wa koti la baba yake. Ukakaa hapo. Bwana Yeo alikuwa akiutazama pia.

"Tiketi ya treni umeshakatiwa," akamwambia, si kwa ukali.

"Najua, baba."

Mkono ukatoka kwenye koti. Ukalishika lango, ukalivuta likanibana kizimbani, na vidole vikawa vyeupe kwa nguvu.

"Ushuru," Tamsin akasema. Akanifuta shavu kwa kidole gumba, matope na machozi pamoja. "Siku ya kulia nimeona kwamba yupo."

Nilipolipa, sikulipa kama faini.

Nilipofumbua macho, Bwana Yeo alikuwa ametupa mgongo, ameinua uso, anaangalia mawingu yaliyokuwa yakirundikana juu ya Mto Teel.

"Itanyesha tena," akasema.